Inaingia, Haiingiliani

Kwetu gari huwa jipya siku linaposhuka melini. Toyota 86 ya kaka yangu ilikuwa imeshatembea miaka saba huko Japani, lakini pale mtaani kwetu Tabata lilikuwa gari jipya kabisa: milango miwili, limelala chini, watoto wanalisindikiza hadi getini. Mwezi wa tano breki zikaanza kulia. Haukuwa mlio wa vumbi. Ulikuwa mlio mwembamba usiokatika, wa kile kipande cha bati kinachowekwa kwenye pedi ili kikwaruze diski pedi inapokaribia kuisha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi ya binamu yetu Iringa, na mama alishasema atakaa kiti cha mbele. Aliyepita barabara ile anaujua Mlima Kitonga. Kwenda unaupanda. Kurudi unaushuka, kona juu ya kona, malori mbele na nyuma, bonde upande mmoja. Breki zikipata moto pale, kanyagio linazama na gari halisikii.

Kaka alikuwa zamu ya mchana wiki nzima. Mimi nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili ya isimu, kazi ambayo nyumbani kwetu huhesabika kama kukaa bure, kwa hiyo nikatumwa Gerezani.

Duka la kwanza nilisema, "Naomba pedi za mbele za Toyota themanini na sita." Muuzaji akanijibu kwamba magari ya mwaka huo hayapo tena. La pili walinielewa, wakatafuta, wakakosa. Ukutani kulikuwa na maboksi ya IST, Noah, Crown, Mark X, mengi yakiwa na namba zinazoanza na 04465, ambayo ndiyo namba ya Toyota kwa pedi za mbele. Vijana wa maduka yale wanaijua bila kuangalia popote. Ya 86 hawakuwa nayo, na kila mmoja alinipa jibu lilelile: gari geni hilo, agiza Japani, wiki tatu.

Duka la nne kulikuwa na fundi aliyekaa nje na grainda. Akashika pedi za Toyota nyingine, akaiangalia picha niliyokuwa nayo kwenye simu. "Hii inaingia, dada. Tunaichonga masikio kidogo tu."

Masikio ni zile ncha mbili za bati la pedi zinazokaa kwenye mifereji ya bano la kalipa. Kazi yake ni kuiacha pedi iteleze mbele na nyuma bila kuyumba. Ukichonga zaidi, pedi inacheza na kukaa upande. Ukichonga pungufu, inanata, hairudi ukiachia breki, na diski inachemka kilomita nzima bila dereva kujua. Uso wa pedi nao ukiwa mpana kuliko sehemu yake kwenye diski, ukingo unabaki nje unakamata hewa.

Nilimpigia kaka. "Chukua hizo hizo, muda hakuna," akasema. Nikamwambia basi mama na mimi tutapanda basi. Akanyamaza, kisha akakata simu.

Mafundi wana neno zuri la vipuri vinavyobadilishana nafasi: vinaingiliana. (Neno hilo lina maana nyingine pia, ambayo nisingeitaja mbele ya mama.) Ile *-ana* ya mwisho inadai pande mbili: cha huku kikae kule, na cha kule kikae huku, vyote kwa hiari. Pedi ya grainda inaingia tu.

Duka la mwisho alikuwepo mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Hakuuliza gari linaitwaje. Aliomba namba ya chasisi, akaona ZN6, akacheka. "Hili jina tu ndilo Toyota. Kwao ni Subaru."

Ni kweli. Gari hili, lililotoka 2012, kampuni hizo mbili zililitengeneza kwa ushirikiano, na lilikuwa likiunganishwa kwenye kiwanda cha Subaru mjini Ota, mkoa wa Gunma. Pacha wake anaitwa BRZ. Injini yake imelala kama injini nyingi za Subaru. Nati za magurudumu zimepangwa kwenye duara la milimita 100, wakati Mark X ina 114.3. Hata namba za vipuri ambazo Toyota yenyewe hulipa gari hili, nyingi huanza na SU. Nani angezikuta akitafuta 04465?

Hata hivyo hakuniuzia siku ile. Alisema matoleo ya bei ya chini ya Japani yalifungwa breki ndogo zaidi, kwa hiyo nikapime diski na nirudi na pedi yenyewe. Fundi wa mtaani akavua tairi. Milimita 294. Kesho yake nikairudisha pedi chakavu Gerezani, nimeifunga kwenye gazeti. Mzee akateremsha boksi la Subaru Impreza WRX, akaibandika pedi mpya mgongo kwa mgongo na ile ya zamani. Masikio, upana, mkunjo wa juu, kila kitu sawasawa. Akachukua daftari lake, akaandika: *ZN6, mbele, WRX.*

Kaka alizifunga Jumamosi, akaamka alfajiri kuzizoesha: kutoka spidi 60 hadi 10, mara nane, bila kusimama kabisa, kisha akaliacha gari lipoe.

Kitonga tulishuka Jumatatu kwa gia ya pili nyuma ya lori la mbao. Mama aliuliza mara moja tu harufu ile ni ya nani. Ilikuwa ya lori. Za nyuma zimebaki milimita nne, na nimeshaambiwa nitakwenda mimi.