Gari Lisilopanda Kontena

Watanzania tuliokaa Marekani muda mrefu tuna ugonjwa mmoja ambao madaktari wa huku hawaujui. Hatununui kitu kabla ya kujiuliza kama kitafika Dar es Salaam salama. Godoro, seti ya sufuria, jokofu, mpaka kitanda cha kulalia leo usiku, vyote vinapimwa kwa kontena. Gereji za nyumba zetu zimejaa maboksi yanayosubiri watu watatu wanne wachangiane kontena la futi 40. Maboksi yanasubiri, na wenye maboksi nao wanasubiri. Nimeliona kwa macho yangu jokofu la Kimarekani la volti 120 likisafirishwa kwa gharama hadi Iringa, kisha shemeji mwenye haraka ya soda baridi akalichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230. Lilinguruma mara moja tu. Siku hizi linahifadhi unga.

Kwa hiyo nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimenunua Mazda MX-5 ya mwaka 1996, ya mkononi, siti mbili, usukani kushoto, paa la turubai, hakuna aliyeniuliza inakimbia kiasi gani. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kwa hesabu anawashinda watu wa benki, aliibadilisha bei kuwa shilingi hapo hapo. "Dada, hizo ni bajaji mbili, na chenji inabaki." Mama alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa mgonjwa utampakia wapi?"

Asiyekulia kwetu anaweza kudhani Mama alikuwa ananitania. Hakuwa anatania hata kidogo. Mtaani kwetu, mtu akinunua gari amenunua gari la wagonjwa, gari la harusi, gari la msiba na gari la kubebea mahindi ya shangazi, yote kwa mpigo. Atagongewa dirisha saa nane usiku na mume ambaye mkewe ameshikwa na uchungu, na hawezi kusema mafuta yameisha. Ndiyo maana Toyota Noah inapendwa hivi: ina nafasi ya kutosha kwa kila anayekudai. Mwenye gari hana Jumamosi yake, lakini pia hakai kwenye gari hilo peke yake.

Huku Minneapolis nina RAV4 ya kuendea kazini. Ina siti tano, na nne kati ya hizo husafiri tupu kwenda hospitali ninakofanya kazi na hurudi tupu. Jirani yangu akiugua anapiga 911, gari la wagonjwa linakuja, bili inafuata. Hajawahi kunigongea, na sidhani kama analijua jina langu. Nilipopiga hesabu zangu za kweli, niligundua kwamba gari la siti mbili lingenipunguzia siti tupu tatu.

Kuhusu kwa nini nililifuata Texas wakati huku Minnesota kuna magari tele, jibu ni chumvi. Majira ya baridi barabara za huku zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula bati kuanzia chini, mahali ambapo mnunuzi hainami. Gari la umri huu lililokaa Minnesota linaweza kung'aa juu huku chini limekwisha. La Texas linaungua jua: dashibodi inapasuka, turubai linakakamaa, dirisha la nyuma la plastiki linakuwa na ukungu. Hayo yanatibika. Kutu ya fremu ni kama kisukari, unaishi nayo huku ikikuchukua kidogo kidogo.

Muuzaji alikuwa mzee mstaafu wa kitongoji kimoja cha Dallas, ambaye magoti yake hayakumruhusu tena kushuka hadi kwenye siti iliyo chini namna ile. Alikuwa na faili nene la risiti, kila oili iliyobadilishwa na kila tairi. Nilitafuta risiti ya taiming belti nikaiona. Kiwanda kinataka ibadilishwe kila maili 60,000, yaani karibu kilomita 96,000. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni mwenyeji wa Dallas, alinipeleka kwa fundi asiyemjua muuzaji. Fundi alilipandisha gari kwenye lifti, akageuza bisibisi, akaanza kugonga kwa mpini chini ya milango, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, ameinamisha sikio. Magari haya huozea mbele ya tairi za nyuma, kwa ndani, pale vitundu vya kutolea maji ya turubai vinapoziba. Mlio ulikuwa mmoja mwanzo hadi mwisho. Alipowasha injini ya baridi, juu kwenye valvu kukasikika tik-tik-tik. Nikamwangalia. Akanyoosha kidole, nisubiri. Oili ilipofika juu, mlio ukakatika.

Kwetu tungemalizana kwa wakili na mkataba wa mauziano, kisha foleni ya TRA kubadilisha jina kwenye kadi. Hapa tulikutana benki, karani akaithibitisha hundi, mzee akaweka sahihi nyuma ya hati ya umiliki, tukapeana mikono. Bima niliikata kwa simu nikiwa nimesimama kwenye maegesho. Mzee alinionyesha mara mbili jinsi ya kufunga turubai bila kulivunja lile dirisha la plastiki, halafu akaingia ndani kabla sijaondoka.

Kutoka Dallas hadi Minneapolis ni kama kilomita 1,500. Kwa kipimo cha nyumbani, toka Dar hadi Mbeya, kisha ugeuze urudi hadi Morogoro. Barabara ni moja tu, Interstate 35, inayoanzia Laredo kwenye mpaka wa Meksiko na kuishia Duluth, kwenye Ziwa Superior. Unapita Oklahoma City, Wichita, Kansas City na Des Moines, na kona za maana unazihesabu kwa vidole. Gari langu lina gia tano na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Ukienda kilomita 120 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa Kansas, injini inazunguka karibu mara 4,000 kwa dakika, upepo unapiga kelele kwenye turubai, na tairi la lori linalokupita liko usawa wa sikio lako. Redio haina kazi. Tangi ni la lita 48, kwa hiyo sheli ilikuwa inaniita mapema kuliko tumbo.

Niliyoyafurahia zaidi yalikuwa Kansas, sehemu ambayo Wamarekani wengi huilalamikia kwamba haina cha kutazama. Kati ya Wichita na Emporia barabara inakatiza vilima vya Flint Hills, moja ya sehemu chache ambako yale majani marefu ya asili ya Amerika bado yamebaki kwa wingi. Hayakulimwa kwa sababu chini ni mawe, jembe haliingii. Ilikuwa Aprili, wafugaji walikuwa wanachoma malisho ili majani mapya yaote kabla ya ng'ombe kuletwa. Niliteremsha turubai. Moshi ule naufahamu, ni ule ule unaotanda Iringa kiangazi kikikaribia mwisho, mkulima akisafisha shamba na mfugaji akingoja mvua. Tofauti ni kwamba hakukuwa na mtu barabarani. Njia ya kwetu ikifika Ruaha Mbuyuni, vitunguu vinakufuata dirishani kabla basi halijasimama, na muuzaji anakuita mama wa watoto asiowajua. Kansas hata tozo ya barabara haina mkono wa mtu: kamera inapiga picha namba za gari, bili inakufuata kwa posta.

Sheria za njiani nazo zinakufundisha uko wapi. Barabara ya Dar kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kuna mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nyama yenyewe usiiguse. Minnesota, ukimgonga paa wa huku, askari anaweza kukuandikia kibali ukampakia ukaenda kumla. Nilipomsimulia mdogo wangu alisema hiyo ndiyo nchi yenye akili, ila kwenye gari langu paa huyo angekaa siti gani.

Kuhusu askari wenyewe sikuweza kutania. Trafiki wa nyumbani akikusimamisha kwa tochi anakuja na salamu, habari za safari mama, na wewe unashuka, mnazungumza mwendo, mnazungumza joto, mwishowe ama faini ama onyo. Kabla sijapanda ndege kwenda Dallas, mwanangu aliyezaliwa hapa Minnesota alinikalisha chini. Mama, usishuke. Mikono juu ya usukani. Usiingize mkono kwenye pochi mpaka useme unachokitoa. Julai 2016, Philando Castile alisimamishwa Falcon Heights, mji ulio jirani yetu kabisa, akapigwa risasi na polisi akiwa ameketi ndani ya gari lake. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru yule askari. Mwanangu hakuhitaji kulitaja jina hilo. Nilivuka Oklahoma yote, Missouri yote na Iowa yote nikiwa na hati zangu juu ya dashibodi, zinaonekana, na mshale wa mwendo chini ya kikomo. Wanaosema ughaibuni kuna uhuru wa barabara hawajawahi kuendesha gari la spoti jekundu lenye namba za muda wakiwa na ngozi yangu.

Kuna watu wa kwetu waliosema pia kwamba magari haya si ya Waafrika. Hao historia wameisahau. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kukatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1965 mshindi wake alikuwa Joginder Singh kwa Volvo PV544 ambayo hata mpya haikuwa. Mwaka 1971 na tena 1973 ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la spoti la siti mbili, kwenye tope letu na vumbi letu. Mshindi wa 1973, Shekhar Mehta, alizaliwa Uganda. Na hii MX-5 yenyewe haina kwao kumoja: wazo lilitoka kwa Mmarekani, Bob Hall, mfano waliutazama kwa magari madogo ya Kiingereza, na wanaoliunda ni watu wa Hiroshima. Tangu lilipoonyeshwa Chicago mwaka 1989 yameshauzwa zaidi ya milioni moja.

Hata hivyo, nyumbani halifai, na sijifichi. Tuta la kwanza tu lingelikwangua tumbo. Kwenye mlima wa Kitonga, ukiwa nyuma ya lori na usukani uko kushoto, huoni kinachoshuka mpaka uwe umeshaingia upande wake. Kutofaa huko ndiyo sababu moja iliyonifanya nilitake. Kwa miaka yote niliyokaa hapa nimenunua vitu kwa ajili ya mwanamke atakayerudi Iringa, na huyu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu hapa Minneapolis nilikuwa namwambia avumilie. Nimezika wenzangu huku ambao walivumilia hivyo hivyo. Tulipokwenda kusafisha nyumba zao tulikuta vyombo vipya kwenye maboksi, na vya zamani vilivyokatika mikono juu ya jiko.

Mama nilimjibu baadaye, tukiwa wawili tu kwenye simu. Nilimwambia mgonjwa wa Iringa hapandi gari la Minneapolis, liwe la siti mbili au la siti kumi. Kinachompeleka hospitali ni hela iliyoingia kwenye simu ya mtu wa karibu usiku ule ule, na hiyo haijapungua. Hati ya kiwanja changu ipo, ada za watoto wa marehemu dada zinalipwa, bima ya Mama inahuishwa kila mwaka. Gari limetoka kwenye zamu za ziada, nilizofanya wakati wengine wanalala. Akasema, "Haya, mwanangu. Ila usilipeleke mbio." Sikumshawishi, naijua sauti yake. Kwake mtu mwenye nafasi ya abiria mmoja tu amejipunguza, na kuna siku nakubaliana naye. Jumapili nikirudi kutoka kanisani bila mtu wa kumshusha njiani, ningezitoa MX-5 na RAV4 zote kwa shangazi mmoja mwenye magunia ya mahindi.

Lakini huyo shangazi hayupo mtaa huu, na kumsubiri hakumleti. Wenzangu, pelekeni hela nyumbani na jengeni. Ila jokofu nunueni la kugandisha chakula chenu cha leo, la volti za hapa, na mlalie godoro lililo ndani ya nailoni. Anayeona nimefuja pesa namkaribisha Minneapolis mwezi Mei, mvua ikishaosha chumvi barabarani. Aje tubishane njiani, siti moja ipo wazi.