Saa ya Babati, saa ya Muscat



Sisi ni mtu na wifi yake, tuko Babati. Mmoja kazaliwa hapa mjini, mwengine kaletwa na ndoa kutoka Unguja. Katika chumba cha nyuma, Mlima Kwaraa ukionekana dirishani, tunaongoza vijana watano wanaotengeneza programu ya hesabu za maduka ya dawa: wawili Unguja, mmoja Kampala, mmoja Bukavu, mmoja Muscat. Watu hushangaa. Lakini hata DHIS2, ambayo vituo vyetu vya afya huingizia takwimu zao, inaratibiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo. Kazi hii haikai mji mmoja.

Tulidhani kigumu kitakuwa umeme na intaneti. Kumbe ni saa.

Ramadhani iliyopita tuliweka kikao kila siku saa 11 jioni. Kwetu ilikuwa sawa kabisa, futari ishainjikwa, na magharibi ya Babati huchelewa zaidi ya dakika 10 kuliko ya Unguja. Bukavu ni saa 10. Muscat saa 12. Mshaona hapo? Sisi hatukuona. Mwenzetu wa Muscat, biharusi wa miezi mitatu, alikuwa akizima kamera katikati ya kikao, tukasema mtandao wake mbovu. Tena tulimkumbusha aiwashe, kwa ukali kidogo.

Kumi la mwanzo lilipokwisha akatuandikia: "Dada zangu, naomba niache kazi. Mume wangu anafuturu peke yake, nami nafungulia tende mbele ya kompyuta."

Tuliona haya. Oman, sheria yenyewe humpunguzia Muislamu kazi ya Ramadhani hadi saa 6 kwa siku. Sisi Waislamu wenziwe, tena wanawake, ndio tuliomkosesha futari na mumewe. Kwa nini hakusema mapema? Alidhani tumepanga tukijua.

Usiku ule baada ya tarawehe tulimpigia kumuomba radhi. Mumewe akasikika nyuma: "Nawadai futari kumi!"

Alibaki. Kikao cha kila siku tulikifuta. Sasa kila mtu kabla ya kufunga kompyuta huandika mistari mitatu: nimemaliza nini, nimekwama wapi, namsubiri nani. Kikao ni kimoja, Jumatatu saa 4 asubuhi ya Babati, na tangazo lake huandikwa saa ya kila mji. Ijumaa na Jumamosi Muscat ni mapumziko, hatumgusi.

Jumapili ndiyo bado inatushinda. Yeye yuko kazini peke yake, akikwama hana wa kumuuliza. Tunapokezana kukaa na simu karibu hadi adhuhuri, na waume zetu nao wameanza kuhesabu.