Sikukuu ya Durga: Mama mwenye mikono kumi na udongo wa Sonagachi

Mpenzi msomaji, kama una nauli na unataka kuona mji mzima ukikesha siku tano mfululizo, nenda Kolkata, India, wakati wa Durga Puja. Sikukuu hii huangukia Septemba au Oktoba, kwa kufuata mwezi. Mji wenyewe, uliokuwa ukiitwa Calcutta mpaka 2001, uko kando ya mto Hooghly, tawi la mto mtakatifu Ganga, na wenyeji wake wengi ni Wabengali. Hao ukiwatajia Durga, umewagusa penyewe!

Durga ni nani? Wahindu husimulia kwamba palikuwa na zimwi moja, Mahishasura, nusu mtu nusu nyati. Zimwi hilo lilifanya ibada kali mpaka likapewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayeliua. Basi, likavimba kichwa! Likaitimua miungu kutoka mbinguni. Wanawake halikuwahesabu kabisa, eti wao wataliweza wapi. Miungu ikaunganisha nguvu zake zote, akatokea Durga, mikono kumi, kila mmoja na silaha yake, na chini yake simba. Kilichofuata unakijua. Ndiyo maana kila sanamu yake inamwonyesha akimchoma mkuki huyo bwana nyati.

Lakini kwa Mbengali, Durga si mpiganaji tu. Ni binti wa nyumbani. Inasemekana anaishi na mumewe Shiva huko juu kwenye milima ya Himalaya, na mara moja kwa mwaka anafunga safari kuja kwa wazazi wake, akiwa na watoto wake wanne: Ganesh mwenye kichwa cha tembo, Kartik, Lakshmi na Saraswati. Kina mama mnaijua raha ya kurudi kwenu japo siku chache. Sasa fikiria mji mzima ndio wazazi.

Ukitaka kuona maandalizi, ingia Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kaskazini mwa mji. Vichochoro ni vyembamba, mkipishana na mwenye mzigo lazima mmoja ajibane ukutani. Hapo mafundi hufunga fremu ya mianzi, wakaizungushia majani makavu ya mpunga, kisha wakakandika udongo wa mtoni tabaka baada ya tabaka. Ukikauka, wanapaka rangi. Macho huchorwa mwisho, na kwa desturi ni siku ya Mahalaya, takriban wiki moja kabla ya sikukuu. Watu huamini kwamba macho yakishachorwa, Mama amefika.

Na hapa ndipo penye mambo. Desturi inataka udongo wa sanamu uchanganywe na udongo kidogo uliochotwa mlangoni kwa wanawake wanaouza miili, wale ambao sisi mjini tunawaita machangudoa. Naam, umesoma vizuri! Wengine wanaeleza kwamba mwanamume akiingia kwenye nyumba hiyo, wema wake wote anauacha mlangoni, kwa hiyo ule udongo umejaa baraka za watu. Wengine wanasema Mama ni wa wote, hivyo hata waliotengwa lazima wawemo mwilini mwake.

Maneno matamu, ila wenyewe wanawake wanasemaje? Sonagachi, mojawapo ya mitaa mikubwa ya biashara hiyo barani Asia, haiko mbali na Kumartuli. Kwa miaka mingi udongo wao ulitakiwa, wao wenyewe hawakutakiwa. Wakienda kusali kwenye mabanda ya mtaa, walikuwa wakikutana na macho ya dharau. Basi wakaamua kuandaa sikukuu yao wenyewe, kupitia chama chao, Durbar. Kibali kikawa kigumu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Calcutta ikawaruhusu. Baadhi yao wakaenda mbali zaidi, wakagoma kutoa udongo: kama mlango wetu ni mtakatifu, mbona anayeishi ndani ni mchafu? Swali hilo, msomaji, lina uzito kuliko sanamu lenyewe.

Turudi kwenye sherehe. Mitaa hujenga mabanda makubwa ya mianzi na vitambaa, moja mfano wa hekalu, jingine mfano wa kasri, na yanashindana kweli kweli. Watu wanavaa nguo mpya, wanazunguka banda hadi banda mpaka alfajiri. Ngoma kubwa za dhak zinarindima, na watu wanacheza na vyetezo vya ubani mikononi, moshi umetanda, usiombe! Mchana wanagawiwa wali uliopikwa pamoja na dengu. Siku ya nane ikigeukia ya tisa, zinawashwa taa 108. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza sikukuu hii kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Siku ya kumi ni ya majonzi. Binti anarudi kwa mumewe. Wanawake walioolewa wanamlisha vitamu, wanampaka unga mwekundu, kisha wanapakana wao kwa wao usoni mpaka wote wamekuwa wekundu. Kwa mila, mjane hakuruhusiwa kuingia kwenye mchezo huo, ingawa siku hizi wapo wanaowakaribisha. Jioni sanamu linapelekwa mtoni na kuzamishwa, watu wakipiga kelele kwamba mwakani tena! Nyumbani, vijana huwagusa wazee miguu na kupokea baraka pamoja na vitamu.

Wahindu wa kwetu Afrika Mashariki, ambao wengi asili yao ni Gujarat, siku hizo hizo wako kwenye Navaratri, wakicheza kwa duara kumheshimu Mama huyo huyo. Ukialikwa, nenda.

Na ukifika Kolkata, vaa viatu vyepesi, pesa weka mfuko wa mbele, na usiishie kwenye taa. Pita Kumartuli mchana, uone mikono ya mafundi. Halafu ukisimama mbele ya Mama, kumbuka udongo umetoka kwa nani.

Haya, wiki njema!