Gitaa la marehemu lilikuwa halijafa

Goma, kartier Ndosho. Alhamisi jioni mazoezi ya kwaya yamekwisha, waimbaji wanatoka wakicheka, na mpiga solo amebaki peke yake kwenye benchi la nyuma, gitaa juu ya magoti. Jumamosi kuna mtu anakuja kulinunua. Ametaja dola 40. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili, na nyumbani unga umefika chini ya mfuko.

Kijana huyo alitoka Masisi pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Gitaa lilikuwa la kaka yake mkubwa, ambaye ni marehemu. Alilibeba mgongoni, limefungwa ndani ya turubai, akakaa nalo kambini Bulengo. Kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, familia ilipata chumba kimoja cha kupanga.

Unyevu wa kambini uliharibu kitufe cha sauti. Ukikizungusha, kilikwaruza. Fundi wa simu akafungua gitaa, akaweka kitufe kingine alichokuwa nacho. Mkwaruzo ukaisha, lakini tangu siku ile gitaa liliimba kama mtu aliyefunikwa blanketi mdomoni. Ukiongeza nguvu ya amplifaya, mngurumo nao unapanda.

Kwa wapenzi wa rumba, hilo si jambo dogo. Sebene inapoanza, solo inapaswa kupita juu ya ngoma, kali na safi, kama ilivyokuwa gitaa ya Docteur Nico. Solo ikizama kwenye tope, wachezaji wanasikia besi tu. Kwaya ilianza kumwomba apige accompagnement. Baadaye ikaacha kumwomba.

Mama mmoja wa kwaya ndiye alimzuia. “Mwanangu, usiuze kitu cha marehemu mbele ya muzee fundi kukiangalia.”

Ijumaa asubuhi wakaenda Birere, kwa mzee anayetengeneza redio. Mzee hakukimbilia bisibisi. Alianza na vitu visivyo na gharama. Kwanza alibadilisha kable, maana kable ndefu na mbovu hula sauti za juu. Tope likabaki. Akapangusa nyuzi, kwa kuwa nyuzi zilizojaa jasho na kutu hazing’ai. Afadhali kidogo. Akateremsha mikro, zile sumaku zenye waya zilizo chini ya nyuzi, kwa sababu zikikaribia sana sauti inaharibika. Tope bado.

Kisha akashika nyuzi kwa kiganja. Mngurumo haukubadilika. Akagusa chuma cha pale kable inapoingia, mngurumo ukashuka. “Nyuzi hazifike kwa masi,” akasema. “Kuko waya umekatika.”

Akachomoa kable kwenye amplifaya kabla ya kufungua chochote. Waya mwembamba unaotoka kwenye daraja la nyuzi ulikuwa unaning’inia. Ulikatika siku ya kubadilisha kitufe, na hakuna aliyeuona.

Akachukua mita, akafungua sauti yote, akapima kwenye ncha ya kable. Kilo-omu 4. Kijana akainamisha kichwa, akidhani mikro imeungua. Mzee akalegeza waya wa mikro kwa chuma cha kulehemu, akaipima ikiwa peke yake. Kilo-omu 7. “Hii iko muzima kabisa.”

Basi nani anakula sauti? Mzee akageuza kile kitufe kipya na kumwonyesha maandishi ya nyuma: 10K. Ni cha redio. Gitaa lenye mikro za namna hii linahitaji 250K, na zile mikro pana zenye koili mbili kwa kawaida hupewa 500K. Ukiweka 10K, umeme mdogo wa mikro unapata njia rahisi ya kuvuja kwenda masi kabla haujafika kwenye amplifaya. Sauti inapungua, na zile za juu ndizo zinazozama zaidi.

Kijana alitaka kumtukana fundi wa simu. Mzee akakataa. “Alikusaidia na kile alikuwa nacho.” Akamkumbusha kwamba Franco mwenyewe, alipokuwa mtoto, alipiga gitaa la kujitengenezea kwa kopo, nyuzi zake zikiwa waya za umeme.

Kitufe cha 250K kilitoka kwenye gitaa lililovunjika shingo, ambalo mzee alikuwa amelihifadhi. Waya wa masi ukalehemiwa. Kazi yote haikufika saa mbili.

Jumamosi mnunuzi alikuja, akasikia, akapandisha bei. Kijana akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Kodi bado inadaiwa. Amezungumza na mwenye nyumba, na pesa za arusi ambayo kwaya imealikwa zitakwenda kwake kwanza.

Kwa yeyote mwenye gitaa la namna hiyo: anza na kable, fuata nyuzi, ndipo ufungue. Ukihisi umeme unakupiga mdomoni unapokaribia maikrofoni, usiendelee kupiga. Zima kila kitu, uite fundi.

Jumapili sebene ilipoanza, mama mzazi alikuwa nje chini ya mti, akimfunga mtoto wa jirani mgongoni. Akasimama kidogo, akasikiliza.

“Njo ile,” akasema. Kisha akaingia ndani.