Namba Isiyojua Lolote

Kazi yangu ni kuingiza bidhaa za kampuni za bima kwenye mfumo: bima kubwa ya gari, bima ndogo, moto, mizigo ya baharini. Wengi hudhani ugumu uko kwenye hesabu za ada. Hapana. Ada ukiikosea, mteja atakuja juu siku hiyohiyo nawe utarekebisha. Ninachokiogopa ni namba za utambulisho, kwa sababu kosa lake hukaa kimya.

Chukua kava ya vioo vya gari. Ukiiandikisha kwenye mfumo wa majaribio, hifadhidata huipa namba inayofuata, tuseme 14. Siku ya kuihamishia kwenye mfumo wa kazi, 14 ya huko tayari ni kava ya redio, na vioo vinapewa 17. Kanuni iliyoandikwa “kava ikiwa 14, toza hivi” itaendelea kutoa jibu bila onyo lolote, ila itakuwa inatoza redio bei ya vioo. Ndiyo maana kila kava naipa msimbo wa maneno, mfano KAVA_VIOO, unaoandikwa na mtu mara moja tu na kubaki vilevile kutoka kompyuta ya fundi hadi seva ya mwisho. Ile namba ya hifadhidata na iishie humohumo.

Msimbo ukishatumika kwenye hati moja, haufutwi tena. Bidhaa ikiacha kuuzwa naiwekea tarehe ya mwisho, na msimbo wake siupi bidhaa nyingine. Ajali ya mwaka juzi yaweza kufika mahakamani leo, na afisa madai akifungua hati ile lazima akute kava ileile, kwa masharti yaleyale aliyoyalipia mteja. Jina linaloonekana kwenye skrini ni jambo jingine. Watu wa masoko walibadilishe hata kila msimu.

Ugomvi wangu usiokwisha na wakuu wa idara ni namba ya hati ya bima. Wanataka iseme kila kitu: tawi, aina ya bima, mwaka, wakala. Nawaelewa, maana karani wa kaunta akiitupia jicho anajua ampeleke mteja dawati gani. Lakini matawi huunganishwa, wakala huhama, mteja hutoka bima ndogo akaingia bima kubwa katikati ya mwaka. Hapo namba imekuwa ya uongo, na ukiibadilisha, malipo na madai ya nyuma yanabaki yatima. Msimamo wangu ni kwamba kwenye karatasi wachapishe wanavyopenda, ila ndani ya mfumo kila hati ifuatwe kwa UUID: herufi 36 pamoja na vistari, zisizojua tawi wala mwaka.

Vituko hasa vinatoka nje. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ina tarakimu 20, na mawakala hututumia orodha za wateja kwa Excel, ambayo ikiichukulia kuwa hesabu hutunza tarakimu 15 tu na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Wateja wawili wanaofanana tarakimu hizo 15 wanakuwa mtu mmoja. Kwetu namba hiyo huhifadhiwa kama maandishi, na faili lenye sifuri tano mwishoni linarudishwa kwa aliyelituma.

Kisha kuna namba ya chesisi. Kiwango cha kimataifa, ISO 3779, kinataka herufi 17 bila I, O wala Q, na programu zilizotengenezwa ughaibuni hukataa kingine chochote. Magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam ni mitumba ya Japani, na yaliyotengenezwa kwa soko la huko yana namba fupi yenye kistari katikati. Karani mwenye foleni mbele yake hujazia sifuri mpaka skrini ikubali. Mwenzake wa tawi jingine huzijazia upande wa pili. Gari moja linapata rekodi mbili, na bima mbili zinauzwa juu yake bila mtu kushtuka. Siku hizi, kabla ya bidhaa yoyote ya magari kuanza kuuzwa, naondoa sharti la herufi 17, na mfumo unalinganisha namba baada ya kuondoa vistari na nafasi.