Hedhi Inayokulaza Chini Ina Sababu Yake

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenipigia kunieleza kwamba mwezi huu tena umekosa mtihani kwa sababu ya siku zako, na kwamba zahanati ya hapo wamekupa tena dawa za UTI, ingawa kipimo cha mkojo hakikuonyesha kitu. Nimeona nikuandikie, maana uko bweni na wenzako, na mambo haya hayazungumziki kwenye simu yakaisha.

Nimefanya kazi ya uuguzi wodi ya wanawake mpaka nikastaafu. Hedhi huuma, ndiyo. Lakini hedhi inayomlaza msichana sakafuni, akatapika, akakosa darasa kila mwezi, hiyo lazima itafutiwe sababu. Mojawapo ni endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, karibu 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao hapa kwetu huambiwa ni chango, wakachemshiwa mizizi, na miaka ikapita.

Ndani ya mfuko wa uzazi mna utando ambao kila mwezi hunenepa kisha hutoka na damu. Kwa mwenye ugonjwa huu, tishu zinazofanana na utando huo huota nje ya mfuko: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo au kibofu. Nazo hufuata homoni zile zile, zikavimba na kuvuja damu, ila damu hiyo haina pa kutokea. Pale zilipo panapata uvimbe na makovu, hata viungo vikashikana. Kwenye ovari damu ya zamani hukusanyika ikawa uji mzito wa rangi ya chokoleti. Nimeuona ukitolewa katika chumba cha upasuaji, na dada aliyekuwa nao alikuwa ameambiwa miaka yote kwamba anadeka.

Sasa ujiulize mambo ambayo mtu huona haya kuyataja. Siku hizo ukienda haja kubwa unaumia? Na haja ndogo? Maumivu hushuka mapajani, hupanda mgongoni? Huanza kabla ya damu na kubaki baada yake? Andika kwenye daftari tarehe, mahali panapouma, dawa uliyomeza na kama ilisaidia. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hupita haraka juu ya maneno “tumbo linauma”, lakini daftari la miezi mitatu atalisoma.

Usirudi tena zahanati kuchukua dawa za UTI. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Ultrasaundi ikitoka safi usikubali kuambiwa huna kitu, kwa kuwa mara nyingi haioni vidonda vidogo. Kipo kipimo cha kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo kitovuni, ingawa daktari anaweza kuanza tiba bila hicho.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu moja kwa moja haijapatikana, lakini unatulizwa: vidonge vya maumivu, dawa za homoni, na upasuaji inapobidi. Homoni nyingine ni zile zile za uzazi wa mpango, na najua mama yako atashtuka. Niachie mimi nizungumze naye. Vidonge hivyo vya homoni haviharibu kizazi. Ukiacha kuvitumia, uwezo wa kushika mimba hurudi ulivyokuwa.

Wapo pia watakaokwambia uolewe, uzae, yataisha. Mimba inaweza kutuliza dalili kwa muda, lakini si tiba, na mtoto haletwi duniani awe dawa ya mama yake. Wenye ugonjwa huu wengine hupata taabu kushika mimba. Wengi huzaa vizuri. Usianze kujililia.

Umewahi kumsikia Njambi Koikai, mtangazaji wa rege wa Kenya? Kwake ugonjwa ulifika kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa, akasafiri hadi Marekani kutibiwa. Alifariki Juni 2024. Wengi hawafikii hapo, mwanangu, usiogope. Namtaja kwa sababu alisimama hadharani akayasema yale ambayo wanawake tunafichana hata sisi kwa sisi, na wasichana wengi walipata jina la kinachowasumbua kutoka kinywani mwake.

Nauli na pesa ya kumwona daktari nimemtumia mama yako. Ukipangiwa tarehe nijulishe mapema, nitapanda basi nije tuingie wote.

Shangazi yako