Kano ya Kisigino: Nilivyopona kwa Mzigo

Maumivu yalikaa mahali pamoja, vidole vitatu juu ya kisigino, kwenye ile kano nene inayoshika misuli ya vigimbi na mfupa wa kisigino. Madaktari huiita kano ya Akilesi. Alfajiri nilishuka kitandani nikichechemea, mkono ukutani, mpaka mguu upate moto. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Kutwa nasimama ubaoni, na jioni nilizoea kupandisha mbio barabara ya Kibosho nikijiandaa kwa Kilimanjaro Marathon. Mbio zikakoma. Baadaye hata kushuka ngazi za darasani ikawa shida.

Kila niliyemwendea aliniambia nipumzike. Nilipumzika, nikameza dawa za maumivu, nikachuliwa kwa mafuta. Maumivu yalitulia nikiwa nimekaa, nikirudi barabarani nayo yanarudi. Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Alinieleza kwamba kano iliyoumia kwa muda mrefu nyuzi zake hupoteza mpangilio, na kwamba kuistarehesha tu kunaizidishia udhaifu. Kinachoirudishia nguvu ni mzigo, unaoongezwa taratibu.

Alinianzisha kwa mazoezi yaliyotangazwa mwaka 1998 na daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, unajiinua kwa mguu mzima, kisha unajishusha polepole kwa mguu mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka; kisha seti tatu nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku. Wakimbiaji 15 wa utafiti wake wote walirudi mbioni. Ni watu wachache, lakini kwangu habari hiyo ilikuwa pumzi mpya.

Yalinisaidia, nasema kwa shukrani. Ila mara 180 kwa mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha na watoto wa kulisha ni kazi kubwa, na kipindi cha mitihani nilianza kushindwa. Ndipo mtaalamu akanihamishia kwenye njia ya pili: mzigo mzito, mwendo wa polepole, mara tatu tu kwa wiki. Unapanda kwa sekunde tatu, unashuka kwa sekunde tatu, na kadiri wiki zinavyosonga uzito unaongezeka huku marudio yakipungua, kutoka 15 hadi 6. Sikuwa na uwezo wa kulipia jimu. Nilijaza vitabu kwenye begi la mgongoni, baadaye mchanga, na kwa zoezi la kuinua visigino nikiwa nimekaa nikaweka ndoo ya maji juu ya magoti.

Njia hizo mbili zimepambanishwa. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 58: baada ya wiki 12, na hata baada ya mwaka mzima, nafuu ililingana. Tofauti ilikuwa kwenye muda. Ya kwanza ilidai kama dakika 308 kwa wiki, ya pili 107, na wiki ya 12 walioridhika walikuwa wengi zaidi kwenye njia ya pili. Siwashangai hata kidogo.

Kilichonitia moyo zaidi ni kwamba si lazima uache kutembea wala kukimbia kabisa. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 uliwaruhusu wagonjwa kuendelea na michezo, mradi maumivu yasizidi 5 kati ya 10 na yawe yametulia kesho yake asubuhi. Hawakupona vibaya kuliko waliosimama. Kwa kipimo hicho nilianza tena kukimbia, kwanza kwenye tambarare tu. Leo napandisha Kibosho.

Ndugu msomaji unayechechemea, mwone mtaalamu kwanza, maana maumivu yakiwa kisiginoni penyewe hupaswi kushusha kisigino chini ya ngazi. Ukisikia mlio wa ghafla na mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama ni kano iliyochoka, chagua njia ambayo maisha yako yataibeba kwa wiki 12, na usiiache nafuu ya kwanza inapoonekana.